Maswali Yenu: Kutoka Kwenye Baridi Hadi Ufukwe Usio na Hoteli

Barua za mwezi huu zimetoka Makambako, Mafinga, Uyole, Kyela na Makete, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu wa Nyanda za Juu Kusini afanyeje ili akaone ufukwe wa bahari uliohifadhiwa, usio na hoteli ndefu wala baa za muziki, na arudi salama. Tumezijibu moja moja. Zilizofanana tumeziunganisha.

Sisi ni walimu 11 wa hapa Makambako. Tumechangishana tangu Januari ili likizo ya Juni twende baharini, lakini hatutaki Coco Beach ya Dar es Salaam wala fukwe za mjini. Tumesikia kuna hifadhi zenye fukwe tupu. Ipi inatufaa na tupite wapi? Tutakodi Coaster. (Mwalimu, Makambako)

Mwalimu, kwa mtu anayeanzia Makambako zipo mbili za kuzipima. Ya kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kati ya Bagamoyo na Pangani. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kwa Tanzania Bara ndiyo pekee ya aina hiyo inayogusa Bahari ya Hindi. Ya pili ni hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, iliyotangazwa mwaka 2000. Saadani iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ile ya Mtwara iko chini ya kitengo cha serikali kinachosimamia hifadhi za bahari na maeneo tengefu, kwa hiyo malipo na vibali vyake ni tofauti.

Makambako ni njia panda, na hilo ni bahati yenu. Mkishika barabara ya Iringa, mtapita Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi na Morogoro hadi Chalinze. Hapo mtaacha njia ya Dar es Salaam na kushika ya Segera, na baada ya kilomita 50 hivi mtafika Mandera. Mandera ndiyo mnaacha lami na kuingia kulia kupitia Miono, kilomita 60 hivi hadi Saadani. Jumla kutoka kwenu ni karibu kilomita 660. Mkishika barabara ya Njombe, mtapita Songea, Namtumbo, Tunduru na Masasi hadi Mtwara, karibu kilomita 950, yote lami. Kutoka Mtwara mjini hadi Msimbati, uliko ufukwe wenyewe, ni kilomita 40 na kitu za vumbi na mchanga.

Sasa tofauti yake. Wengi huchagua kwa picha, na picha za Saadani hudanganya. Mto Wami unaingia baharini upande wa kusini wa hifadhi na unabeba udongo wa bara, kwa hiyo maji ya Saadani mara nyingi ni ya rangi ya chai ya maziwa, hasa mvua zikinyesha. Anayekwenda kutafuta bahari ya bluu atarudi analalamika. Uzuri wa Saadani ni mwingine: ufukwe mrefu usio na taa, mikoko, chumvi ikivunwa pembeni, kijiji cha wavuvi ndani ya hifadhi yenyewe, na twiga na nyati nyuma ya vichaka dakika chache kutoka kwenye maji. Msimbati ni kinyume chake. Wanyama wakubwa si jambo la kutegemea huko, lakini maji ni maangavu na matumbawe ni mengi, zaidi ya aina 250. Kama wengi wenu mnataka kuogelea na kuangalia samaki kwa miwani ya maji, vumilieni umbali mwende Mtwara. Kama mnataka bahari na mbuga kwa safari moja, nendeni Saadani. Kwa kikundi chenu cha Coaster, chenye siku chache za likizo, sisi tungeelekea Saadani.

Lakini msiende wiki ya kwanza ya likizo. Masika ya pwani huanza Machi na huweza kufika mwisho wa Mei, na sehemu kubwa ya njia za Saadani ni udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka ni mgumu kama sakafu. Ukilowa hujaza tairi hadi likawa duara laini lisilo na meno, na hapo hata gari la magurudumu manne huteleza kama liko kwenye sabuni. Coaster ndiyo kabisa, kwa sababu inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu na tumbo lake liko chini. Subirini mwisho wa Juni au Julai. Siku 2 kabla ya kuondoka, pigeni simu ofisi ya hifadhi na muulize swali hili hili: "Kuanzia Mandera hadi langoni, gari dogo limepita leo?" Ukiuliza tu "njia nzuri?" utajibiwa nzuri, maana mwenye Land Cruiser njia zote kwake ni nzuri. Kama mvua imenyesha ndani ya siku 3, acheni Coaster Chalinze au Mandera na mkodi magari ya juu. Barabara ya pwani ya Bagamoyo, Pangani hadi Tanga inajengwa kwa awamu, kwa hiyo ulizeni pia kipande cha Makurunge kimefikia wapi. Huenda kikawafaa wakati wa kurudi.

Msijaribu kufika kwa siku moja. Ondokeni Makambako saa 11 alfajiri, lala Morogoro, kesho yake muwe Mandera kabla ya saa 4 asubuhi. Sababu ni mbili. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuendesha gari usiku. Na mkikwama saa 9 alasiri hamna muda wa kujinasua kabla ya giza, lakini mkikwama saa 4 asubuhi mnao mchana mzima. Jazeni mafuta Chalinze, tangi lijae, maana mbele yake msitegemee kituo. Maji ya kunywa hesabuni lita 4 kwa mtu kwa siku. Walimu 11 kwa siku 2 ni lita 88, na juu yake dereva. Kama mtajipikia, chukueni mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, kwa sababu kuokota kuni hifadhini ni kosa. Vyakula vibebeni kwenye vikapu (watu wa Iringa hatuna udhuru katika hilo), kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na mfuko ukipeperukia majini kasa (kobe wa baharini) huumeza akidhani ni yavuyavu, kiumbe laini wa baharini anayeelea. Taka zote mrudi nazo hadi Chalinze.

Malazi yapo ya aina tatu: mabanda na maeneo ya kambi ya TANAPA karibu na ufukwe, nyumba ndogo za wageni kijijini Saadani, na kambi za watu binafsi ambazo bei yake ni ya watalii wa nje. Kwa watu 11 wekeni nafasi mapema.

Wanangu wawili, wa miaka 8 na 12, wamejifunza kuogelea Matema. Baba yao anasema aliyeweza Ziwa Nyasa anaiweza bahari. Mimi nina wasiwasi. (Mama, Mafinga)

Mama, wasiwasi wako una msingi. Baba watoto yuko sahihi upande mmoja tu: chumvi inasaidia mtu kuelea, kwa hiyo mtoto aliyezoea maji ya ziwa atajiona mwepesi zaidi baharini. Ila Matema maji unayoyaacha asubuhi ndiyo unayoyakuta jioni. Upepo utaleta mawimbi, lakini ufukwe haubadiliki mahali. Bahari huondoka na kurudi mara mbili kila siku, na kwenye ufukwe usiojengwa hakuna mlinzi wala bendera nyekundu ya kukuambia imefikia wapi. Hilo ndilo somo kubwa la fukwe hizi, na kabla ya kununua hata miwani ya maji tunaomba mlijue.

Kutoka maji kupwa hadi maji kujaa ni saa 6 na dakika chache. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanayojaa sana na kukupwa sana, na nguvu yake huwa kubwa siku 1 au 2 baada ya mwezi huo. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yanayosogea kidogo. Pwani yetu, siku za bamvua tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita 3 na nusu au zaidi. Siku za maji mafu ni karibu mita 1.

Kuna kanuni nyepesi ambayo hata mtoto wako wa miaka 12 ataishika. Pwani ya Tanzania, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: kujaa ni karibu saa 4 na kupwa ni karibu saa 10. Siku za katikati unaongeza dakika 50 kwa kila siku. Ni makadirio, yanaweza kupishana kwa nusu saa au zaidi, kwa hiyo ukifika waulize wavuvi. Wao hawapangi siku bila kujua maji.

Kwa nini tunasisitiza saa? Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja polepole na mtu hudanganyika. Saa ya 3 na ya 4 ndiyo hukimbia: siku ya bamvua hupanda karibu sentimita 90 kwa saa moja. Saadani ufukwe ni wa kulala. Mahali ambapo ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 50, sentimita 90 za kimo ni mita 45 za ufukwe zilizomezwa ndani ya saa moja. Watoto walioenda kuokota vitu kwenye fungu la mchanga wakati maji yamekupwa hugeuka nyuma na kukuta mfereji wa maji umeshajaa kati yao na nchi kavu, huku fungu walilosimama bado ni kavu. Hakuna wimbi lililowashtua wala kelele. Maji yamezunguka nyuma yao kupitia sehemu ya chini.

Kwa hiyo fanya hivi. Waogeshe watoto kuanzia maji yakibakiza saa 2 kujaa hadi yanapojaa, kwa sababu wakati huo mkondo unasukuma kuelekea nchi kavu. Maji yakianza kutoka, watoto nao watoke. Chomeka fimbo kwenye ukingo wa maji unapofika na uitazame kila dakika 10. Utajua yanakuja au yanaondoka, na kwa kasi gani. Mtoto wa miaka 8 asizidi maji ya kiunoni, na mtu mzima awe upande wa bahari, si upande wa nchi kavu. Msiogelee kabisa karibu na mdomo wa Mto Wami au kijito chochote cha mikoko. Maji yakitoka, mto na bahari huvuta pamoja, na Wami una mamba na viboko. Mtu akivutwa na mkondo asishindane nao kuja moja kwa moja ufukweni. Aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo arudi. Wafundisheni hilo nyumbani kabla ya safari, kwa mdomo, warudie wao wenyewe.

Miguu iwe na viatu vya mpira vyepesi. Kwenye mchanga wenye maji machache hulala samaki bapa aitwaye taa, na mwiba wa mkia wake una sumu. Mtoto atembee kwa kuburuta nyayo bila kuzinyanyua. Taa akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe. Akichomwa, zamisha mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kwa sababu joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo. Jaribu maji hayo kwanza kwa mkono wako mzima, kwani mguu wenye ganzi ya maumivu hauhisi kuungua. Kisha peleka hospitali, maana kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Yavuyavu akimgusa mtoto, suuza kwa maji ya bahari. Usisugue kwa mchanga wala kumwagia maji ya kunywa yasiyo na chumvi, kwa kuwa vyote hufyatua nyuzi za sumu ambazo bado hazijafyatuka.

Nina Prado ya 2004, mimi mwenyewe dereva. Nisikilize ushauri gani kuhusu mchanga? Na je, naweza kuendesha ukingoni mwa bahari kama wanavyofanya kwenye video? (Dereva, Uyole)

Kaka, tuanze na mwisho: usiendeshe ufukweni. Kwanza, mayai ya kasa yako mchangani juu ya alama ya maji kujaa, hapo hapo ambapo dereva huona pakavu na pagumu, na huwezi kuyaona kwa juu. Tairi likipita, mchanga hushindiliwa na vifaranga hawawezi kuchimba kutoka. Hata alama za tairi ni mtego: kifaranga ana urefu wa sentimita 5 hivi, akiangukia kwenye mfereji wa tairi huufuata badala ya kwenda baharini, na kaa na ndege humkuta humo. Pili, mchanga ulio karibu na maji unaonekana mgumu mpaka gari lisimame. Likisimama, tetemeko la injini huvuta maji juu na mchanga hugeuka uji. Magari hupotea hivyo hivyo: limekwama saa 5, maji yanapanda, saa 8 linaelea.

Kwenye njia za mchanga zinazoruhusiwa, kama ile ya Msimbati, shusha upepo wa tairi kabla ya kuingia, usisubiri kukwama. Kama kawaida unaweka 34 (PSI), shusha hadi 20. Ukikwama kweli, 16. Tairi lililolegea hurefuka pale linapogusa chini na kuusambaza uzito. Weka magurudumu manne, gia ya chini, mwendo usiokatika, usikate kona kwa ghafla na usikanyage breki, maana kukanyaga breki mchangani ni kujichimbia shimo. Gari likianza kuzama, acha mafuta mara moja. Kila mzunguko wa ziada wa gurudumu unakupunguzia nafasi. Chimba mbele ya magurudumu yote 4, weka mbao 2 za urefu wa mita 1, toka polepole. Beba koleo, mbao, pampu ya kuchomeka kwenye betri na kipimo cha upepo. Ukirudi kwenye lami jaza upepo tena hapo hapo, kwani tairi la 20 kwenye mwendo wa lami huchemka na kupasuka.

Ila usichanganye mchanga na udongo mweusi wa Saadani. Kwenye tope lile kushusha upepo hakukusaidii sana. Kinachosaidia ni kungoja jua.

Kuna jambo madereva wa kwetu hulisahau kwa sababu wamelizoea. Unashuka kutoka mita 1,700 za Mbeya hadi usawa wa bahari, na Kitonga unaishuka gari likiwa limejaa watu na mizigo. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Anayeshuka kwa breki pekee hufika chini breki zikinuka, na baada ya hapo huikanyaga ikaenda hadi sakafuni. Mikumi barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Fuata vibao vya mwendo, kwa sababu mnyama akigongwa kuna faini kwa kila aina, mbali na gari lenyewe. Ukirudi nyumbani, osha gari chini ya tumbo kwa maji mengi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Chumvi huanza kula mabomba ya breki na springi pale usipopaona.

Mimi ni mwanafunzi hapa Kyela. Nimesoma kwamba kasa hutaga fukwe za Saadani. Ni miezi gani, na mtu anaruhusiwa kumkaribia kiasi gani? Nyama yake inaliwa? (Mwanafunzi, Kyela)

Umeuliza jambo tunalolipenda, mwanetu. Bahari ya Tanzania ina aina 5 za kasa, na wanaotaga kwetu ni wawili: kasa wa kawaida, ambaye mafuta yake ni ya kijani, na ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka kama wa kasuku. Ndani ya Saadani wanajulikana kutaga eneo la Madete, upande wa kaskazini. Kasa wa kawaida anaweza kutaga mwezi wowote, lakini wengi huonekana nusu ya kwanza ya mwaka, kwa hiyo kuanzia Mei hadi Septemba una nafasi nzuri ya kukuta vifaranga wakitoka.

Alama yake ni rahisi kuitambua asubuhi. Kasa wa kawaida hujivuta kwa mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, kama mtu anayejikokota kwa viwiko, na huacha njia pana ya karibu mita 1, kulia na kushoto zikilingana, kama trekta dogo limetoka majini. Ng'amba ni mwembamba zaidi na hutupa mapezi kwa zamu, hivyo alama zake hupishana. Ukifuata njia hiyo juu utakuta shimo pana lililofukiwa ovyo na mchanga uliorushwa nyuma. Hapo simama. Usipime kwa fimbo. Chini yake, nusu mita au zaidi, kuna mayai zaidi ya 100 meupe, ya duara, yenye ganda laini kama ngozi. Yakishakaa saa chache, kiini hujishikiza kwenye ganda kwa ndani. Ukiligeuza yai, kiini hufa. Ndiyo maana kufukua "kuangalia tu" na kurudisha ni sawa na kuvunja.

Yatakaa siku 50 hadi 60. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa baridi zaidi hutoa madume, wa moto zaidi hutoa majike, na mpaka uko karibu na nyuzi 29. Ufukwe uliokatwa miti na vichaka huwa wa moto zaidi, kwa hiyo kivuli cha nyuma ya ufukwe nacho ni sehemu ya kiota. Vifaranga hutoka usiku na huelekea upande wenye mwanga zaidi. Kwenye ufukwe wa giza upande huo ni bahari, inayoakisi nyota. Ukiwasha taa ya gari au moto mkubwa, umewaonyesha njia ya kifo. Wataonekana asubuhi wamekauka kwenye nyasi. Hapo ndipo thamani ya ufukwe usiojengwa ilipo. Giza lake ni mali, na mgeni analiharibu kwa tochi moja.

Kwa hiyo usiku usitoke peke yako. Omba askari wa hifadhi akupeleke, kwanza kwa sababu simba, tembo na nyati wa Saadani hawajui kwamba ufukwe ni wa watalii. Vaa nguo za rangi nyeusi au za giza, tumia tochi yenye karatasi nyekundu, simu iwe mfukoni. Kasa akipanda kutoka majini, lala chini na usisogee. Akishtuka kabla ya kuanza kutaga hurudi baharini. Akianza kudondosha mayai hutulia, na hapo askari anaweza kuwasogeza kwa nyuma yake, kamwe si mbele ya macho. Vifaranga waache watembee wenyewe. Usiwabebe kuwapeleka majini hata kama unawaonea huruma.

Kuhusu nyama: kuua kasa au kuchukua mayai yake ni kosa kisheria. Na mbali na sheria, nyama yake huweza kuwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi na hakuna dawa yake maalum. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula kasa, na wengine wengi walilazwa.

Shikamooni. Nataka kumpeleka baba yangu, miaka 67, akaone bahari. Hajatoka huku Makete miaka mingi. Nitazame nini kiafya? (Makete)

Marahaba. Jambo la kwanza ni malaria. Mkoa wa Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na hiyo ndiyo hatari kwa baba: mwili wake haujazoea kupambana nayo kama wa mtu wa Saadani, kwa hiyo akiugua anaweza kuzidiwa upesi. Nendeni kituo cha afya wiki 2 kabla, mwulizeni daktari kuhusu dawa za kinga, na mtaje dawa nyingine anazotumia, hasa za presha. Bebeni chandarua chenye dawa hata kama mwenye malazi anasema kipo. Jioni avae mikono mirefu na soksi.

Vimelea huchukua siku 7 au zaidi kabla ya homa kuanza, na hivyo homa itamkuta Makete, mahali ambapo kila mtu atasema ni mafua ya baridi. Kwa mwezi mzima na zaidi baada ya safari, homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo, na mwambieni mhudumu: "Alikuwa pwani." Akikutwa nayo akapewa dawa ya mseto, amalize siku zote 3 hata akipata nafuu siku ya pili.

Halafu joto. Atoke ufukweni asubuhi hadi saa 4 na jioni kuanzia saa 10, katikati akae kivulini na kunywa maji bila kungoja kiu. Mchukue Julai au Agosti: ni wakati wa kusi, upepo unavuma na bahari ina mawimbi, lakini hali ya hewa ni ya kumfaa mtu wa Makete. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, bahari hutulia vizuri kwa waogeleaji, lakini joto lake litamchosha.

Maswali mafupi

*Je, tulipe langoni kwa fedha taslimu? (Iringa)* Hapana. TANAPA hawapokei fedha mkononi. Utapewa namba ya malipo ulipe kwa simu au benki, au utumie kadi. Mtandao njiani si wa kuaminika, kwa hiyo maliza malipo ukiwa Morogoro au Chalinze na uhifadhi risiti kwenye simu na kwenye karatasi. Beba kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima ili mlipe viwango vya raia, na ulizeni saa za kibali zinaanza kuhesabiwa lini, maana mkichelewa kutoka mtalipa tena.

*Naweza kuchukua makombe na vipande vya matumbawe kwa mapambo? (Tukuyu)* Usichukue, hata yaliyokufa. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi. Zaidi ya hapo, kaa-duvi hana gamba lake mwenyewe. Huishi ndani ya kombe tupu na kulibadilisha kila anapokua. Ukitazama ufukweni jioni, maji yakitoka, utaona makombe yanatembea. Ukiliokota moja likaonekana tupu, lishike kimya kwenye kiganja dakika 2, utaona miguu ikichungulia.